Nataka kuunda CNC ya mbao (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) mwenyewe, nifuate michoro au ninunue seti? (Nipo Mafinga)

Fundi_Paini
Kamwene wakuu. Mimi ni seremala hapa Mafinga, msitu wa Sao Hill huu hapa kwa hiyo mbao siyo shida, shida ni nakshi. Wateja siku hizi wanakuja na picha ya mlango kwenye simu wanataka maua kama yale yale, nikikaa na patasi siku inaisha na hela ya maana hawatoi, mwisho wa siku nampelekea jamaa mwenye mashine anichongee na faida yote inabaki kwake. Sasa nimepakua michoro ya bure, fremu yote MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) na inatembelea reli za droo. Halafu kuna zile seti ndogo za Kichina za 3018. Bajeti milioni 2 na nusu, kuchomelea najua vizuri, umeme kidogo. Nianzie wapi? Na nilikuwa nawaza niunde kubwa kabisa mlango mzima ulale.

Mwanjelwa Boy
3018 achana nayo mkuu, hiyo namba ndo saizi yake, sm 30 kwa 18. Utachonga kibao cha jina la mwenye ofisi basi.

Kaka Mbao
Kwa hela hiyo tafuta used tu, haya mambo ya kujiundia ni kupoteza muda.

Mzee wa Skwea Paipu
@Kaka Mbao used ya saizi ya maana kwa milioni 2 na nusu akiipata aniite na mimi.
Fundi nisikilize, niko Mbeya na yangu inafanya kazi kila siku. Hiyo michoro ya MDF itupe. Ukungu wa Mafinga mwezi wa sita unaujua mwenyewe, MDF ikinyonya unyevu inavimba na mashine inapoteza skwea, leo duara kesho yai. Reli za droo nazo zina mchezo, kisu kikikutana na fundo la paini mkono wa mashine unanesa na ua linatoka na mawimbi. Hela yako nyingi iende kwenye fremu na reli, siyo kwenye umeme, umeme utabadilisha baadaye ila fremu inayonesa hakuna programu ya kuinyoosha. Wewe unajua kuchomelea, chukua skwea paipu nene, reli za SBR20 zile za kukalia chini kote, na skrubu ya gololi ya 1605, yaani unene mm 16 na mm 5 kwa mzunguko. Ila chuma kikichomelewa kinapinda, kwa hiyo usichomelee reli, funga kwa bolti na uweke vipande vya bati chini mpaka inyooke, pima kona kwa kona kwa uzi. Hapa usiwe na haraka kabisa.
Mlango mzima sahau kwanza. Paneli unachonga peke yake ndo unaiingiza kwenye fremu ya mlango, kwa hiyo sm 60 kwa 90 inakutosha, na daraja, ule mkono unaobeba ruta ya kuchongea, likiwa fupi linakuwa gumu.

Dada Volti
Naongezea upande wa umeme. Zile bodi za bei chee zenye draiva (kifaa cha kuendesha mota) za A4988 haziwezi mota za saizi ya NEMA 23 za ampea 3, chukua TB6600 au DM542, moja kwa kila mota, pawasaplai volti 36. Kichwa ni Arduino Uno, kibodi kidogo cha kuongozea, na GRBL, programu ya bure inayokaa ndani yake. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, draiva ukiiweka igawe kila hatua mara 8 zinakuwa 1600, skrubu yako inasogea mm 5 kwa mzunguko, gawanya unapata 320, hiyo ndo unaijaza kwenye GRBL sehemu za $100 na $101, hatua kwa kila mm. Kisha iamuru isogee mm 500 na upime kwa rula ya chuma, usiamini hesabu peke yake. Na athi kaka, fremu nzima ya chuma iunganishe athi.

Fundi_Paini
Asante dada, shkamoo mzee. Umeme ukikatika katikati ya kazi je? Na nimeona kwa yule jamaa paini inaungua inakuwa nyeusi.

Dada Volti
Weka swichi za mwisho wa reli. Ukirudi mashine inatafuta kona yake yenyewe, na sifuri ya kazi, pale ulipoanzia kuchonga, GRBL inaitunza, unaendelea kuanzia mstari wa programu ulioishia, ilimradi mbao hujaigusa.

Mzee wa Skwea Paipu
Marahaba. Kuungua ni spidi. Ruta ya mkono ikizunguka 30,000 huku mashine inajikokota, kisu hakikati kinasugua, na utomvu wa paini unaganda kwenye meno. Shusha mpaka 10,000, kisu cha meno mawili, mwendo mm 1000 kwa dakika, ingia kidogo kidogo. Na mbao iwe kavu, paneli mbichi utaichonga vizuri halafu ipasukie kwa mteja.

Mwanjelwa Boy
Kola ya ruta, pale kisu kinaposhikwa, iangalie pia kabla hujaagiza visu, kuna za mm 6 na za robo inchi ambayo ni 6.35, haziingiliani.

Fundi_Paini
Sawa wakuu, jumatatu nafuata skwea paipu Makambako. Mzee hiyo paipu nene ni ya ngapi?

Mzee wa Skwea Paipu
Ya mm 50 kwa 50, unene mm 3. Ya daraja weka 80 kwa 80.