Masomo (mashule) ya mabinti peke yao kule Masisi, Kivu ya Kaskazini, munakubali?

PAPA WA NDOSHO, GOMA
Bandugu, jana ku matanga tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwenzetu moja anasema pesa ya wafadhili yenye inaenda Masisi na Walikale ijenge masomo ya mabinti tu. Miye nilikataa. Niko na mabinti batatu, nataka wasome, lakini nilifundisha kule miaka ine na kuta tulikuwa nazo, manjanja (mabati) mupya, kibao cha mfadhili, yote. Baaskari wakalala mule wiki mbili, wakapikia mabanki (viti vya wanafunzi), batoto wakabaki kukalia mawe yenye kila moja alitoka nayo kwao. Milango ya vyoo nayo ikaenda ku moto. Tangu pale binti wa ya sita akienda chooni mwenzake anamushikia kitenge kama pazia, na siku zake zikifika haonekane kabisa. Na Kongo ilikubali Tamko la Shule Salama tangu 2016, eti baaskari wasiingie ku masomo! Kisha miye nilikuwa NU, mwalimu mwenye hayuko ku listi ya mishahara, serikali hainilipe, nakula prime, pesa yenye bazazi wanachanga, mavuno ikikosa nami nakosa. Mujenge zingine kumi, nani atafundisha?

MAMA WA KADUTU, BUKAVU
Papa, unaona choo, miye naona njia. Binti anatembea saa mbili, anapita ku bariere ya wenye bunduki asubuhi na jioni, mzazi gani atamuacha? Huku ukisema lisé (shule ya sekonderi) kila mtu anajua ni mabinti, kama Lisé Wima ya hapa Bukavu. Bazazi wa ndani sana wanatafuta ya masista yenye iko na enternat, fasi ya wanafunzi kulala. Wanatafuta kitanda, papa.

MOTARI WA MAJENGO
Kitanda nani analipa? Gratuité (masomo ya bure) ya 2019 inaishia ku primeri. Dada yangu alinishinda ku pointi, pesa ya minerval (karo) ya sekonderi ikatosha mtoto moja, miye njo nilienda. Diploma iko mu sanduku, naendesha pikipiki, yeye anauza makala (mkaa).

PAPA WA NDOSHO, GOMA
Mama, kwa njia umenishinda. Lakini mabinti mia mu nyumba moja usiku, kule, na kila mwenye bunduki anajua fasi iko? Naogopa. Kwetu kulikuwa mama moja wa ndizi, alilaza mabinti bane wa mbali kila juma, Ijumaa wanarudi kwao, malipo ni maharagi. Mfadhili angemuongezea chumba, magodoro na mulango yenye komeo. Shida fasi ya kutundika kibao hakuna.