Nawezaje kumsomea baba Wimbledon pointi kwa pointi?

BintiWaKocha

Wakuu, habari zenu. Baba yangu amefundisha tenisi miaka mingi, na sasa macho yamezima kabisa. Wimbledon ikifika, mimi ndiye macho yake. Nashika simu, yeye anakaa pembeni kainamisha kichwa, namsomea matokeo.

Tatizo ni ukurasa ninaoutumia: unabadilisha namba tu. Juzi niligeuka kumpa dawa, kurudi 3-3 imeshakuwa 4-3, na aliyepoteza gemu ndiye aliyekuwa anasevu. Baba akauliza, "Kavunjwaje? Alikosea sevu au kashambuliwa?" Sikuwa na jibu, na iliniuma, maana hilo ndilo analolisubiri siku nzima.

Halafu kuna ule mstari wa asilimia, nani ana nafasi ya kushinda. Nikimsomea ananikatiza: "Hiyo iache. Niambie mpira umekwenda wapi." Je, kuna mahali panapoonyesha hivyo?

Taibreki10

Pole kwa mzee, dada. Usibaki kwenye ukurasa wa matokeo ya mechi zote. Bofya mechi yenyewe uingie ndani. Kwenye tovuti ya Wimbledon sehemu hiyo inaitwa SlamTracker. Ukishuka utakuta pointi zimeandikwa moja moja: nani alisevu, na pointi iliishaje, kwa esi (sevu ambayo mpinzani hakuigusa), kwa pigo la ushindi au kwa kosa la kujitakia. Ukienda kumpa dawa, ukirudi zote zipo, unasoma kuanzia ulipoachia.

Ipo pia redio ya mashindano, mfungulie. Ila ukiwa na redio zima arifa za simu, kwa sababu mara nyingi namba hutangulia matangazo na utamharibia mzee utamu. Na umwambie kuwa sauti ya "out" atakayoisikia ni ya mtambo. Tangu 2025 waamuzi wa mistari hawapo tena Wimbledon.

Mzee wa Nyasi

Namuunga mkono baba yako kuhusu asilimia, na hata jedwali la takwimu asomewe mwishoni. Chukua fainali ya wanaume ya Wimbledon ya 2019. Federer alipata pointi 218, Djokovic 204. Esi, Federer 25 kwa 10. Ukimsomea mtu jedwali hilo peke yake atakuambia Federer kabeba kombe. Kumbe Djokovic alichukua taibreki zote tatu, yaani zile gemu za kuamua seti wakifungana, na kwenye seti ya tano alizima pointi mbili za ubingwa, Federer akiwa anasevu 8-7, 40-15, akihitaji moja tu abebe kombe. Mechi ilikuwa ndani ya pointi mbili hizo, na jedwali halikuambii zilichezwa lini.

Weka na daftari. Mwaka 2010, hapo hapo Wimbledon, mechi ya Isner na Mahut ilikwenda hadi 70-68 seti ya mwisho. Ubao wa uwanjani uligota 47-47, na ule wa mtandaoni ulipofika 50-50 ukarudi sifuri, watu wakaambiwa wajiongezee 50 wenyewe. Siku hizi seti ya mwisho ikifika 6-6 inachezwa taibreki ya pointi 10, lakini daftari halizimi.

Taibreki10

Nimesahau swali lako la mpira kwenda wapi. Tafuta mchoro wa korti wenye nukta za sevu. Si kila tovuti inao, lakini ukiupata umemaliza.

BintiWaKocha

Asanteni sana, wakuu. Nimerudi kuwaambia tulichofanya.

Mchoro wa nukta nimeupata, ila kumwambia "pembeni" au "katikati" hakukumtosha. Nikachukua kipande cha mbao, nikabandika kamba kwa gundi: mistari ya pembeni, ya nyuma, na visanduku vya sevu. Neti ni chanuo la zamani, nimelikita katikati. Pointi ikiandikwa, namshika baba kidole cha shahada na kukiweka pale nukta ilipo, halafu namsomea imeishaje.

Jana, seti ya pili, kidole kikiwa kwenye kamba ya pembeni, akasema: "Huyu akibanwa 30-40 anasevu hapa hapa. Mwenzake ameshamjua. Subiri." Gemu mbili baadaye ikafika 30-40 tena, imebaki pointi moja avunjwe. Nukta ikaja pembeni. Nikaanza kusoma, "Sevu imerudishwa, pigo la..." na baba akapiga meza kabla sijamaliza. Chanuo liling'oka.

Sasa anataka droo nzima. Tumeshapita raundi ya kwanza, kati ya wachezaji 128 wamebaki 64, na anataka kuwashika kwa vidole ajue nani atakutana na nani. Nimefikiria vifungo vya nguo kwenye uzi, kila mchezaji kifungo chake. Kuna aliyewahi kujaribu kitu kama hicho?