Tupeane uzoefu: Mario Lanza alikuingia kwa wimbo gani?

Mleta uzi, Tanga
Wadau, najua wengi humu ni wa rhumba na taarab, lakini kuna watu wanazo santuri za Mario Lanza, yule mwimbaji na mwigizaji wa filamu wa Marekani, majumbani na wanaona haya kusema. Tukutane hapa. Naanza mwenyewe.

Marehemu mzee wangu alikuwa karani bandarini. Alituachia sanduku la santuri, nyingi zina ile nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Kampuni ya mbwa huyo ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928, na ndiyo iliyotoa nyimbo za Lanza Uingereza. Basi sandukuni kwetu Siti na Lanza walilala wamepakana. Ya Lanza ilikuwa "Be My Love", ya mwaka 1950, zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Ina ufa. Kila ikizunguka sindano inagonga: tak, tak, tak. Wimbo nimeukariri pamoja na ufa wake. Siku nilipousikia safi kwenye simu niliona kama wameondoa ngoma.

Iringa
Mkuu, huo wimbo niulize mimi. Nafundisha kwaya, na kwenye harusi ya mdogo wangu nikajitia kuuimba. Mazoezini nilikuwa naimba nusu sauti, kumbe najidanganya. Wanaoujua wanajua mwisho wake: Lanza anapanda mpaka do ya juu na kukaa hapo kama hana haraka. Mimi kufika pale, ikatoka sauti ya jogoo anayejifunza kuwika. Mpiga kinanda, Mungu ambariki, akakandamiza vidole vyote kumi kunifunika. Wajomba zangu mpaka leo wakiniona wanawika.

Siku hizi nabaki na "I'll Walk with God", ile ya kwenye The Student Prince. Hiyo hata kanisani inapita.

Mombasa
The Student Prince! Umenitonesha kidonda. Nilinunua diski ya filamu ile nikimtaka Lanza. Nimekaa na mke wangu, anatokea kijana mwembamba, anafungua mdomo, sauti ya Lanza inatoka. Mke wangu akauliza, "Huyu naye ameazima sauti?" Kumbe ndivyo. Lanza alirekodi nyimbo zile mwaka 1952, akakosana na MGM, kampuni ya filamu, akafukuzwa. Filamu ikatoka 1954, uso wa Edmund Purdom, koo la Lanza.

Halafu nikakosea mara ya pili. Nikaagiza santuri ya nyimbo zenyewe, nikachagua iliyoandikwa stirio, nikidhani ndiyo bora. Ile aliirekodi upya Roma mwaka 1959, mwaka aliofariki. Sauti imekuwa nzito, unasikia mtu anabeba mzigo. Mnaotaka kununua, tafuteni ya zamani, ya mono. Pesa yangu haikurudi.

Malindi
Mimi ni weita, mwaka wa 11 sasa, na hotelini kwetu wageni wengi ni Waitaliano. Kiitaliano nakiongea mpaka cha matani. Siku moja nikajisifu kwa babu mmoja mgeni kwamba nyimbo za Lanza nazielewa zote. Akatoa simu, akaweka "Voce 'e notte", akasema haya, nitafsirie. Sikupata hata mstari mmoja! Babu akacheka mpaka akavua miwani afute machozi. Ile si Kiitaliano, ni Kinapoli. Ni sawa na kumkalisha mtu aliyejifunza Kiswahili cha vitabuni mbele ya shairi la Kiamu cha kale.

Akanieleza pole pole huku chai inapoa. Mwanamume anaimba usiku, na mwanamke aliyemkosa kashaolewa, yuko kitandani na mumewe. Anamwambia: sauti hii ikikuamsha huku umemkumbatia bwana wako, kaa macho, lakini jifanye umelala fofofo. Jamani! Si taarab hiyo? Ipigwe ukumbini kwetu uone watu watakavyotazamana.

Nairobi
Samahanini wakuu, mimi huyu jamaa hunichosha. Anapiga kelele. Kila wimbo ni kilele, hana bonde. Na opera yenyewe jukwaani aliimba kidogo sana. Ya maana ni Madama Butterfly kule New Orleans mwaka 1948. Yaliyobaki ni filamu na studio.

Mleta uzi, Tanga
Kelele anazo, sikatai. Ila filamu usizidharau. José Carreras, mwimbaji wa opera wa Hispania, alikuwa mtoto alipoitazama The Great Caruso, filamu ya Lanza ya 1951, na anasema ndiyo iliyomtia hamu ya kuimba. Halafu, kabla hujafunga kesi, sikiliza santuri inayoitwa Mario!, ndimo ulimo huo wimbo wa Malindi. Aliirekodi Roma Desemba 1958, Franco Ferrara akiongoza okestra. Miezi 10 baadaye alikuwa amekufa, ana miaka 38. Anza na "Passione". Mabonde yamo humo.

Philadelphia
Nawasoma kutoka mji aliozaliwa. Napita kila siku kwenye bustani yenye jina lake, Mario Lanza Park. Watu wanatembeza mbwa tu. Nimemsikiliza kwa mara ya kwanza leo kwa ajili ya uzi huu, nimekaa benchi la hapo hapo. Nimeanza na "Granada". Mama mmoja mwenye mbwa akasimama akaniuliza hiyo redio gani.

Nairobi
Nimeisikiliza "Passione". Mara mbili. Bado ana kelele, lakini ya "Voce 'e notte" naomba maneno yote.

Malindi
Nikitoka zamu nayaandika. Kuna mstari mmoja babu alikataa kunitafsiria, nao nautafuta bado.