Naomba ushauri: redio ya masafa mafupi kwa anayekwenda kufanya kazi Temotu, Visiwa vya Solomon

Fundi_Pampu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi wa pampu za maji zinazoendeshwa kwa umeme wa jua, mkazi wa Tanga, na nimepata mkataba wa kazi katika jimbo la Temotu, ambalo ndilo la mashariki kabisa katika Visiwa vya Solomon. Makao yangu yatakuwa Lata, katika kisiwa cha Nendö, lakini kazi yenyewe kwa kiasi kikubwa itafanyika katika visiwa vidogo vya Reef, ambako nimeelezwa kwamba mtandao wa simu ni wa kubahatisha na meli huja kwa ratiba inayobadilika mara kwa mara. Katika orodha ya vitu nilivyotakiwa kubeba, baada ya chandarua na dawa za malaria, imeandikwa "redio ya masafa mafupi", bila maelezo mengine yoyote.

Ninachotaka kujua kwanza ni kama redio hiyo bado ina kazi huko katika zama hizi za simu, au orodha ile imenakiliwa kutoka mwaka wa nyuma bila mtu kuipitia. Kama ina kazi, ninunue ya aina gani? Pia mke wangu, ambaye atabaki Tanga na watoto, ameuliza kama naye anaweza kuisikiliza redio ya huko kutokea hapa, na nimeshindwa kumjibu.

Msikilizaji_Mkongwe

Ndugu Fundi, aliyeandika orodha hiyo anaijua nchi anayokupeleka. Shirika la utangazaji la taifa, SIBC, lina makao yake Honiara, katika kisiwa cha Guadalcanal, na kutoka hapo mpaka Lata ni zaidi ya kilomita 600 za bahari tupu. Mawimbi ya FM hayawezi kuvuka umbali huo kwa sababu husafiri kwa mstari ulionyooka na kuishia kwenye upeo wa macho. Masafa ya kati, ambayo SIBC huyatumia kwenye kilohezi 1035, husafiri mbali kidogo, lakini mchana huchoka kabla ya kufika huko. Masafa mafupi ndiyo yanayopanda angani, yakarudishwa chini na tabaka la hewa yenye chembe za umeme, na hivyo mtambo mmoja ukaweza kuhudumia nchi yenye visiwa zaidi ya 900 vilivyotawanyika. Masafa yao ni kilohezi 5020, katika bendi ya mita 60, ambayo nchi za ukanda wa joto zimeruhusiwa kuitumia kwa matangazo ya ndani. Andika namba hiyo kwenye kasha la redio yako.

Usitarajie burudani nyingi. Utakachosikia ni habari kwa Kiingereza na Kipijini, tahadhari za hali ya hewa, ratiba za meli, na salamu za huduma, yaani ujumbe wa watu binafsi: fulani afike hospitali, mzigo wa fulani umepakiwa, msiba umetokea kwa fulani. Sisi tuliokua na matangazo ya vifo ya redio zetu tunaelewa uzito wa kipindi cha namna hiyo, na wewe ambaye vipuri vyako vitakuja kwa meli utajikuta unakisubiri.

Mtandao_Kwanza

Kwa heshima zote, wakuu, mnampeleka mwenzenu nyuma. Nyaya za chini ya bahari zimefika Honiara kutoka Sydney, na tawi la ndani limefika Auki, Noro na Taro. Intaneti ya setilaiti nayo inapatikana karibu kila mahali. Australia yenyewe, ambayo Redio Australia yake ilikuwa sauti kubwa katika Pasifiki nzima, ilizima masafa mafupi tarehe 31 Januari 2017 kwa hoja kwamba wasikilizaji wamehamia kwingine. Mtambo wa BBC uliokuwa Mahé, Shelisheli, ambao ulisikika vizuri sana hapa pwani, ulifungwa mwaka 2014. Fedha za redio ni afadhali aziongeze kwenye kifurushi cha setilaiti.

Nahodha_Mstaafu

Ndugu yangu Mtandao, hayo uliyoyataja ni ya kweli, lakini tazama ramani kabla ya kuyatolea hitimisho. Auki iko Malaita, Noro iko upande wa magharibi, na Taro iko Choiseul. Hakuna hata moja iliyo Temotu. Kuhusu Redio Australia, wasikilizaji wa vijijini katika Solomon na Vanuatu walilalamika sana ilipofungwa, na baadhi ya masafa yaliyoachwa wazi yakachukuliwa na redio ya China. Huwezi kusema chombo kimekwisha kazi ilhali mwingine anakimbilia nafasi yake. New Zealand haikufunga: idhaa yake ya RNZ Pacific hurusha kutoka Rangitaiki, na mwaka 2024 ilizindua mtambo mpya wa kilowati 100 kwa ajili ya masafa mafupi. Ndugu Fundi, hiyo iwe idhaa yako ya pili. Hubadilisha masafa mara kadhaa kwa siku na tena kwa msimu, kwa hiyo chapisha ratiba yao ya karibuni na uibandike ukutani.

Suala la msingi ni vimbunga, ambavyo msimu wake ni Novemba hadi Aprili. Mwishoni mwa Desemba 2002 kimbunga Zoe kilipiga Tikopia na Anuta, visiwa vya jimbo hilohilo la Temotu, takriban kilomita 1,000 kutoka Honiara. Kwa siku kadhaa hakuna aliyekuwa nje aliyejua kama wenyeji wako hai, kwa kuwa hakukuwa na mawasiliano yoyote. Ilibidi ndege ipite juu ndipo watu waonekane. Ajabu ni kwamba hakufa mtu, kwani walijua pa kujificha. Sahani ya setilaiti inahitaji umeme wa kutosha, na inahitaji isiwe imeng'olewa na upepo. Redio ya mkononi inakaa ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na betri zake, na upepo ukitulia unaiwasha.

Hata hivyo redio usiitegemee kwa kila janga. Tarehe 6 Februari 2013 tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea karibu na Lata, na mawimbi yake ya tsunami yalifika pwani ndani ya dakika chache, muda ambao hautoshi tahadhari kuandikwa, achilia mbali kutangazwa. Ardhi ikitikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, panda mlimani kwanza. Redio utaifungua ukiwa juu.

Fundi_Pampu

Nawashukuru, wazee wangu. Nimeelewa kwamba redio ni ya lazima. Je, nichukue ile ndogo ya bei nafuu ya mshale, au ya kidijitali? Umeme nitakuwa nao wa kutosha, kwa sababu nitafunga sola kila mahali.

Mtaalamu_wa_Waya

Bwana Fundi, sentensi yako ya mwisho ndiyo itakayokuletea taabu, kwa hiyo naomba nianzie hapo. Kontrola za sola, inveta na taa nyingi za LED za bei rahisi hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato hutoa kelele ambayo redio ya masafa mafupi huipokea kama mvumo mzito unaofunika matangazo. Watu wengi hununua redio ya bei kubwa, wakaiweka mezani kando ya inveta, halafu wakalalamika kwamba kituo hakishiki. Utakapokuwa unasikiliza, zima inveta, tumia betri ndani ya redio badala ya chaja, na peleka antena mbali na paneli kadiri nafasi inavyoruhusu. Nyaya za paneli zisokote pamoja, chanya na hasi, ili zisigeuke kuwa antena za kurusha kelele. Kwa kuwa wewe ndiye mfungaji, unaweza pia kuwaokoa majirani zako: chagua kontrola ya kawaida isiyo na mkato wa kasi kwa nyumba zenye redio, hata kama inapoteza umeme kidogo.

Kuhusu redio, chukua ya kidijitali ambayo unaandika namba ya masafa moja kwa moja. Ya mshale itakuyumbisha, hasa kwa kuwa jirani wa kilohezi 5020 ni kilohezi 5000, ambako vituo vya saa vya Marekani hurusha mlio wa kila sekunde. Ukilazimika kutumia ya mshale, jirani huyo ana faida: kituo cha Hawaii hutaja saa kwa sauti ya mwanamke, kwa hiyo ukimsikia, sogeza mshale kidogo sana kwenda juu na SIBC iko hapo.

Kwa mahali unapokwenda mimi ningechagua Tecsun PL-660, kwa sababu hutumia betri nne za AA, ambazo ni rahisi kuzipata dukani. PL-330 ni ndogo na nzuri pia, na betri yake ni ile ya BL-5C ya simu za zamani za Nokia; nunua mbili za akiba hapa Tanga kabla ya kuondoka. Zote mbili zinakuwezesha kusikia pia mawasiliano ya sauti ya mashua na vituo vya pwani.

Antena iwe waya wa shaba wenye ganda, mita 10 hadi 15, uliotandazwa kwa mlalo kati ya miti miwili, na ncha moja ibanwe kwenye antena ya redio. Hakuna haja ya kuupandisha juu sana. Chumvi ya bahari itakula kila kiungo kilicho wazi, kwa hiyo funga kwa utepe. Radi ikianza kunguruma, chomoa. Na usikate tamaa ikiwa saa za mchana kituo kinafifia, kwani jua la utosini hunyonya mawimbi ya bendi hiyo. Alfajiri na kuanzia magharibi kitarudi.

Mama_wa_Unguja

Mimi namjibu shemeji yetu wa Tanga. Kutoka hapa hadi Honiara ni zaidi ya kilomita 13,000, na mtambo wa SIBC umekusudiwa wananchi wake, si sisi. Nafasi pekee ni wakati kote kuwili ni giza, yaani kuanzia magharibi yetu hadi saa nne usiku, ambapo kule ni saa kumi na mbili asubuhi na jua linachomoza. Nusu saa ya mwisho ndiyo yenye matumaini zaidi, lakini hata hiyo ni ya bahati. Sisemi haiwezekani, maana masafa ya kilohezi 11735 ya redio ya hapa kwetu Zanzibar yaliwahi kusikilizwa na watu wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakiandika barua kuomba kuthibitishiwa kwamba kweli wameisikia. Njia ya uhakika zaidi ni kupitia vipokezi vya KiwiSDR vilivyoko Australia na New Zealand: wenye navyo wameviunganisha na intaneti, na yeye ataandika 5020 kwenye simu yake na kusikiliza anga ya kule.

Fundi_Pampu

Shukrani, mama, ujumbe ameusoma mwenyewe na amefurahi. Swali langu la mwisho: rafiki yangu ana kifaa cha redio ya ridhaa, yaani ya watu wanaowasiliana hewani kwa kujifurahisha, cha kurusha na kupokea. Je, naweza kukibeba ili niongee na nyumbani?

Nahodha_Mstaafu

Usikibebe bila leseni, mwanangu. Kurusha kunahitaji idhini ya Tume ya Mawasiliano ya Visiwa vya Solomon, na kifaa kisicho na karatasi kinaweza kuzuiwa forodhani. Ukipata leseni ya ridhaa hapa, waandikie mapema. Wanaridhaa wa dunia, ambao hushindana kuongea na nchi nyingi, watakupigia foleni, kwa kuwa Temotu wanaihesabu kama nchi ya peke yake tangu 1998, ambayo majina ya vituo vyake hewani huanza na alama ya H40, tofauti na H44 ya visiwa vingine vya Solomon.

Kwa dharura, ulizia zahanati iliyo karibu. Zahanati nyingi za visiwani zimekuwa zikitumia redio ya kuzungumza na Honiara, na kuanzia mwaka 2001 mradi wa PFnet ulikuwa ukituma hata barua pepe vijijini kwa redio za namna hiyo, kwa paneli ya sola na kompyuta moja. Siku ya kwanza ukifika, jitambulishe kwa muuguzi na umuulize kama paneli yao inafanya kazi.

Mtaalamu_wa_Waya

Na kama haifanyi kazi, kabla hujawafungia kontrola mpya, iwashe kando ya redio yao na usikilize kwanza kelele yake.