Naombeni ushauri: nimeachiwa kinara cha kale cha Kichina na Kifaransa, nikisafishe au nikiuze kilivyo?

Mtoto wa Newala
Habari zenu wakuu. Niko Lyon, Ufaransa. Nilikuwa namhudumia bibi mmoja wa Kizungu, amefariki mwezi wa pili, na kwenye wosia kaniachia kinara cha mishumaa. Chini kina kibao cheusi kinachong'aa, kimechorwa milima na ndege kwa dhahabu. Juu yake kakaa kizee cha Kichina cha kauri nyeupe, kitambi nje, anacheka. Mgongoni kwake yanapanda matawi ya shaba ya rangi ya dhahabu yenye vimaua vya kauri, na kwenye ncha ndiko inakokaa mishumaa.

Mnunuzi wa vitu vya kale kanitajia euro 250, tena haraka haraka, hata kiti hajakalia. Mume wangu anasema nisafishe kwanza ndipo kipande bei. Jana nikasugua jani moja la shaba kwa Brasso, likapauka. Na ua moja limedondoka. Niendelee au niache?

Kaka Mnoko
Dada chukua 250 yako ukale bata. Kinara chenyewe hakina hata soketi.

Fundi Fremu
Brasso weka chini leo hii. Nakarabati samani za kale, nakwambia kitu ninachokishika kila siku. Hiyo si shaba tupu. Walichanganya dhahabu na zebaki, wakapaka, wakachoma mpaka zebaki ikatoka kwa moshi (mafundi ilikuwa inawaua) ikabaki dhahabu nyembamba kabisa. Jani kupauka ndiyo dhahabu inakwenda hivyo.

Kwa maelezo yako huo ni mtindo wa Paris, katikati ya miaka ya 1700. Kulikuwa na wafanyabiashara walioitwa marchands-merciers. Sheria za vyama vya mafundi ziliwakataza kutengeneza kitu wenyewe, ila kuunganisha na kuremba ruksa. Basi kizee anatoka Dehua, China, laka (huo weusi unaong'aa wa kibao) inatoka Asia hukohuko, maua yanatoka kiwanda cha kauri cha Vincennes, fundi wa shaba anavishikamanisha. Daftari la mmoja wao, Lazare Duvaux, la 1748 hadi 1758, lipo mpaka leo, na Madame de Pompadour, mchepuko rasmi wa mfalme Louis XV, yumo humo ananunua kila mara.

Ila usianze kuhesabu hela. Miaka ya 1800 mtindo huu ulinakiliwa sana, na huko Paris kiwanda cha Samson kilikuwa bingwa wa kunakili kauri. Chukua tochi, tafuta kwenye shaba kimuhuri cha herufi C yenye taji juu. Ulikuwa ushuru wa vitu vyenye shaba, 1745 hadi 1749 tu. Usipokiona usikate tamaa, vingi havina. Ukikiona usishangilie, kinaghushiwa.

Mtoto wa Newala
Asante mkuu. Na kile kibao cheusi? Kina ufa kama unywele. Kinara nimekiweka juu ya hita.

Fundi Fremu
Toa hapo sasa hivi! Laka ni utomvu wa mti, tena mti wa ukoo mmoja na mkorosho wenu wa Newala. Ukiwa mbichi unababua ngozi kama mafuta ya ganda la korosho. Na hukauka kwa unyevu, si kwa joto. Mbao ya chini ikinywea kwa ukavu, laka inabanduka vigaga vigaga. Jua la dirishani nalo linaifubaza. Vumbi litoe kwa brashi laini, basi. Maji hapana, spiriti hapana.

Mzawa wa Kunduchi
Nacheka tu hapa. Wafaransa walivivisha vyombo vya Kichina shaba wakasifiwa, wazee wetu wakavipachika kwenye nguzo za makaburi. Nendeni Kunduchi hapa Dar au Mambrui pwani ya Kenya. Ila Kunduchi bakuli nyingi zimeshang'olewa, mtaona mashimo.

Fundi Fremu
Ndiyo maana nasema asing'oe kitu. Dada, piga picha, juu na chini, peleka kwa madalali wa mnada wawili tofauti, wengi hukadiria bure. Huyo wa 250 asubiri. Na ua usiligundishe na super glue, inamharibia kazi mkarabati.

Mtoto wa Newala
Nimemulika kote, C sijaiona. Kinara kimehamia kabatini chumbani. Ua liko ndani ya kiberiti, na super glue nimemnyang'anya mume wangu, alikuwa ameshafungua kifuniko.