Saa nne usiku ni ya nani? Tivi na mambo ya chumbani

Wa Langoni, Lamu: Jamani hii sheria ya saa nne inamlinda nani? Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya wanataka stesheni zisionyeshe mambo ya wakubwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku, sawa, lakini Ramadhani hapa kwetu saa nne ndo kwanza watoto wametoka tarawehe, wako macho mpaka daku na remoti wanayo wao. Juzi niko sebuleni na mkwe wangu, tamthilia ya Kimeksiko ikafika pale pa kitandani, mzee akaanza kutafuta miwani na ameivaa.

Na msinambie Waswahili hatuyazungumzi haya. Somo, yaani kungwi, anamfunza bi harusi kila kitu, na nyimbo za vugo za harusini nyingine ukizisikia utaziba masikio, ila ni wanawake watupu. Sisi mpaka wetu ni nani yuko ndani, si saa ngapi. Tivi haina mlango.

Bi Shela: Mlango mlango, ndo hayo ya 2013, lile tangazo la kondomu, wanawake wawili sokoni, mmoja ana mume na ana mtu wa nje, viongozi wa dini Waislamu kwa Wakristo wakapiga kelele mpaka likatolewa. Walikosea. Sokoni tunaongea hivyo hivyo, na virusi havingoji saa nne.

Mwana Malindi: Nyie mnahangaika na busu. Bodi ya filamu ilifungia ile filamu ya Rafiki 2018 kwa sababu ya wasichana wawili wanapendana, lakini mwanamume kwenye tamthilia anamzaba mke kofi halafu wanamalizia kitandani hiyo inapita tu. Na taarifa ya habari je? Waandishi wakija huku kufanya stori ya utalii wa ngono kamera inawafuata wasichana kwa nyuma, mapaja, viatu, yule mzungu mwenye pesa hata kivuli chake huoni. Watoto wanatazama hiyo kabla hata ya isha.

Wa Langoni, Lamu: Hilo la habari wallahi sikulifikiria, umenikamata. Ila Bi Shela bado sikubali, mi sikatai ujumbe, nakataa kuusikia nimekaa na mkwe. Ungepelekwa kliniki ya kina mama, kwa kina somo, ungefika vizuri tu.

Bi Shela: Na waume zetu wanaenda kliniki gani?