Wauza video za "siku 21" acheni kuwaambia wanawake hawajajituma. Mmewauzia nusu ya programu!

#1

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Magrupu ya WhatsApp na Telegram yamejaa matangazo ya "siku 21 nyama uzembe kwisha", "choma kalori 1000 kwa nusu saa", "tumbo bapa bila gym". Mdada analipa kwanza, linki inakuja baadaye, anafungua folda anakuta video kumi na kitu. Anaruka kichura sebuleni wiki tatu nzima na mzani hausogei. Akiuliza grupuni, admini anamjibu mbele za watu: "Dada, hujajituma."

Hujajituma nini? Mmemuuzia gari halina injini, sasa mnamlaumu hajui kuendesha.

Nyingi ya hizo video ni nakala zilizokatwakatwa za programu za Marekani zinazojulikana. Chukueni 21 Day Fix ya kampuni ya Beachbody, iliyotoka 2014. Zile video za dakika 30 ni nusu tu ya kazi. Kifurushi halisi kilikuja na vibakuli vya rangi vya kupimia chakula pamoja na kitabu chenye hesabu. Hesabu yenyewe ni hii: uzito kwa ratili zidisha kwa 11, jumlisha 400 za mazoezi, halafu toa 750. Mwanamke wa kilo 70 ana ratili 154. Zidisha kwa 11 unapata 1,694, ongeza 400 ni 2,094, toa 750 inabaki 1,344. Hizo ndizo kalori anazotakiwa kula kwa siku, na ikishuka chini ya 1,200 kitabu kinakwambia usiteremke hapo, baki kwenye 1,200.

Mmeona mchezo? Upungufu wa kalori 750 kila siku umeandikwa ndani ya kitabu, na kinachoukamilisha ni vibakuli jikoni. Muuzaji wetu kachukua video, kitabu kakitupa, vibakuli hata hajui kama vilikuwepo, halafu anataka mteja atoe matokeo yale yale ya kwenye picha. Hapo ndipo penye wizi.

Na hata ukifuata kitabu kwa uaminifu wote, fanya hesabu kabla hujaahidi watu kilo 10. 750 mara siku 21 ni kalori 15,750. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa na kalori kama 7,700. Gawanya: ni kilo 2 na nukta. Kilo mbili za mafuta kwa wiki tatu ni kazi nzuri sana, ya kupongezwa! Lakini mdada aliyeahidiwa 10 akipata 2 anajiona kafeli, anaacha, na mwezi ujao mnamuuzia "siku 14 kali zaidi" pamoja na majani ya chai.

Hayo majani tuyamalize haraka. Mengi yana senna, ambayo ni dawa inayosababisha kuharisha. Unapoteza maji, mzani unashuka asubuhi, jioni umekunywa maji umerudi pale pale. Mkanda wa kubana tumbo ni hivyo hivyo: unatoa jasho, na jasho ni maji. Mafuta hayatoki kwa kubanwa wala kwa kutokwa jasho.

Tuje kwenye "kalori 1000 kwa nusu saa". Kipimo wanachotumia wataalamu ni MET, yaani zoezi linatumia nguvu mara ngapi ya mtu aliyekaa tu. Mazoezi makali ya mzunguko yana MET kama 8. Unazidisha 8 kwa 3.5, kwa kilo za mtu, unagawanya kwa 200. Kwa kilo 70 ni kalori 9.8 kwa dakika. Dakika 30 bila kupumzika hazifiki 300, na video ina kupasha mwili moto, mapumziko na kunyoosha viungo, kwa hiyo 200 na kitu ndiyo ukweli. Chapati moja nzuri ya kukaanga inakaribia hizo. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, na hakuna mtu anayepima mafuta ya mchuzi kwa kijiko, anamimina tu. Kwa hiyo mdada anaweza kumaliza video yote bila kudanganya hata rudio moja, sufuria ikamrudishia kila kitu kabla ya saa tatu usiku.

Tatizo lingine, na hili ndilo linalonikera kuliko yote: mzigo wa mazoezi haupandi. Siku ya 1 anachuchumaa mara 15 bila kitu mkononi, siku ya 21 anachuchumaa mara 15 bila kitu mkononi. Misuli inajenga pale inapodaiwa kitu kipya. Ukiizoesha mzigo ule ule, baada ya wiki tatu nne inaufanya kwa urahisi na hakuna sababu ya kubadilika. Halafu mnashangaa "makalio hayajapanda". Yapande kwa lipi?

Programu ya Insanity ya mkufunzi wa mazoezi Shaun T, ya 2009, inatembea sana kwenye flashi. Ni siku 60, ina kipimo cha uwezo siku ya kwanza kinachorudiwa mara kadhaa, na wiki ya 5 nzima ni ya kuupa mwili nafuu. Kwenye folda za mtaani hakuna kipimo, wiki ya nafuu imefutwa kwa sababu "inaonekana nyepesi", na video za mwezi wa pili zimepewa watu wa siku ya 4. Mtu hajawahi kuruka kamba tangu shule ya msingi, leo anaruka dakika 40 pekupeku juu ya sakafu ya saruji. Wiki ya pili muundi unauma, goti linauma, anaambiwa "maumivu ni udhaifu unatoka". Yale maumivu ya mbele ya muundi ni mzigo ulioongezwa haraka kuliko mfupa na misuli inavyoweza kupokea. Dawa yake ni kupunguza kuruka. Kaulimbiu haitibu.

Mods, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa dawa za kupunguza unene. Hili ni suala lingine.

#2

Mkuu umeongea vizuri ila umewasahau waliojifungua, na hao ndio wateja wakubwa wa hizi video.

Kabla mama hajafanya sitapu hata moja, apime kama misuli ya tumbo imeachana. Alale chali, akunje magoti, aweke vidole juu ya kitovu vikiwa vimelala kwa upana, kisha anyanyue kichwa kidogo na mabega yaanze kuachia sakafu. Apime juu ya kitovu, kwenye kitovu na chini yake. Vidole vikizama zaidi ya viwili, au katikati ya tumbo pakitokeza kama mgongo wa mtumbwi, sitapu, kunyanyua miguu yote miwili na planki ndefu aziweke kando kwanza. Zinasukuma tumbo nje, na ndiyo maana wengine wanamaliza "changamoto ya tumbo" tumbo likiwa limechongoka kuliko mwanzo. Aanze na pumzi: anapotoa pumzi anavuta kitovu ndani taratibu huku akibana misuli ya sakafu ya nyonga kama anayezuia mkojo, anashikilia sekunde 5, anaachia kabisa. Mara 10, mara tatu kwa siku. Kuachia ni muhimu sawa na kubana.

Mkojo ukichuruzika anaporuka, hiyo ni ishara ya kusimamisha kuruka na kumwona mtaalamu wa fiziotherapia. Kuvaa pedi na kuendelea siyo suluhisho. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri uchunguzi wa wiki ya 6, na kuruka au kukimbia asubiri walau miezi 3.

Na ile hesabu ya 1,344 isimguse anayenyonyesha. Kutengeneza maziwa kunahitaji kalori kama 450 hadi 500 zaidi kwa siku. Kumkata chakula mama wa mtoto wa miezi miwili ili apige picha ya "kabla na baada" ni ukatili.

#3

Mnazungumza kama vile hakuna aliyefanikiwa. Mbona picha zipo? Wapo waliopungua kilo 8 kwa mwezi.

#4 (mwanzisha uzi)

#3 mkuu, wapo, sijakataa. Soma hizo picha vizuri.

Aliyeanza na kilo 110 anatumia nguvu nyingi zaidi kwa siku kuliko wa kilo 65, kwa hiyo upungufu wake unaweza kuwa mkubwa bila kufa njaa. Kisha kuna maji. Mwili unahifadhi wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu moja inashika kama gramu 3 za maji. Ukipunguza ugali, wali na mikate ghafla, ile akiba inashuka na maji yake, kilo 1 mpaka 2 au zaidi zinaondoka wiki ya kwanza. Siku ya harusi ukila pilau zinarudi. Huyo hajanenepa, amejaza tangi.

Picha ya "kabla" angalia vitu vinne: taa inatoka juu au mbele, suruali imefungwa chini ya kitovu au juu yake, tumbo limeachiwa au limevutwa, amekula au hajala. Picha hizo mbili zinaweza kupigwa siku moja, asubuhi na jioni, na ukaapa ni watu wawili.

#5

Sasa tupimeje jamani, maana mzani nao mnausema vibaya.

#6

Dada #5, mzani haujakosa, tatizo ni kuusoma siku moja moja. Panda asubuhi baada ya choo, kabla ya chai, nguo nyepesi zile zile, uandike. Wiki ikiisha tafuta wastani. Wiki ya kabla ya hedhi wengi wanapanda kilo 1 au 2 za maji, kwa hiyo linganisha wiki ya mzunguko huu na wiki kama hiyo ya mzunguko uliopita. Programu ya siku 21 ikianza baada tu ya hedhi itaishia kwenye siku za kuvimba, na mtu analia bure.

Halafu tafuta futi ya fundi cherehani. Kiuno kinapimwa katikati ya ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kawaida, futi ilale sawa pande zote bila kubana ngozi. Makalio pale penye upana zaidi. Pima mara mbili, zikitofautiana zaidi ya sentimita 1 rudia. Kwa wanawake, kiuno cha sentimita 80 kwenda juu kinaongeza hatari za moyo na kisukari, 88 hatari ni kubwa zaidi. Hiyo namba ina maana kuliko "size 10". Na andika nguvu pia: umechuchumaa na kilo ngapi, mara ngapi. Mizani ikigoma huku kiuno kimepungua sentimita 3 na mzigo umepanda, programu inafanya kazi.

Hedhi ikikata miezi mitatu mfululizo na huna mimba, au kizunguzungu kila unaposimama, unakula kidogo mno. Nenda hospitali.

#7

Na tulioshalipa je? Pesa hairudi, admini kaniondoa grupuni.

#8 (mwanzisha uzi)

#7 usitupe folda lote. Chagua video tatu za nguvu, zile zenye kuchuchumaa, pushapu na kuinama, ufanye Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Siku nyingine tembea haraka dakika 30, ukimaliza wiki una dakika 150 zinazopendekezwa na WHO au zaidi.

Uzito unao nyumbani. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo madumu mawili ya lita 5 yaliyojaa ni kilo 10, moja kila mkono. Yajaze mpaka juu, dumu lililojaa nusu maji yanacheza na kukuvuta upande. Kwa kuinama na kunyanyuka: mgongo umenyooka, nyonga inarudi nyuma kama unafunga mlango kwa makalio, dumu linapita karibu na mguu. Mara 8 hadi 12, seti 3, ukimaliza seti ujihisi ungeweza kuongeza mbili tu. Ukifika 12 kwenye seti zote, ongeza mzigo: mfuko wa unga wa kilo 2 kwenye begi la mgongoni unatosha. Kwa makalio, egemeza mabega kwenye kiti cha sofa, sofa lenyewe likandamize ukuta maana kwenye vigae linateleza, weka kanga iliyokunjwa juu ya nyonga kisha dumu, panda taratibu, shikilia sekunde 2 juu. Mkeka wa ukili usiufanyie planki juu ya vigae, unakimbia. Weka taulo lenye unyevu chini yake.

Chakula: gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili ni lengo zuri kwa anayejenga misuli, kwa kilo 70 ni 112. Yai lina kama 6, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15, dagaa wakavu gramu 50 karibu 30. Pima mafuta kwa kijiko kabla hayajaingia kwenye sufuria. Punguza kalori 300 mpaka 500 kwa siku, jipe wiki 12, tatu ni chache.

Ile video iliyoandikwa "tumbo siku ya 19" ifute. Zoezi la tumbo haliondoi mafuta ya tumbo peke yake, na video inakula nafasi ya simu bure.